Nusu Namba

Ghislaine ni mtoto wa dada yangu Lucette. Miaka miwili iliyopita alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto akicheza hoki, akiwa amevaa viatu vya barafu nilivyomchagulia mimi. Vilimzidi nusu namba. Nilijiambia bado anakua, atavijaza. Akagongwa ukutani, kiatu kikabaki kimesimama, mguu ukageuka ndani yake. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Hapa Kapuskasing, kaskazini mwa Kanada, mimi ndiye fundi wa viatu vya barafu kwa miaka thelathini, nani angenisahihisha?

Kwa hiyo Januari hii, Alhamisi, alipoingia karakana yangu pembeni mwa uwanja na kiatu kilichopasuka, nilikitazama kile kifundo kwanza. Jumamosi alikuwa na majaribio ya timu ya wanawake ya chuo, kule Sudbury.

"Mjomba, nipe vipya. Na usinitolee uso huo."

"Uso gani?"

"Wa msibani."

Nilimpima miguu mara tatu. Nikavitia viatu kwenye oveni hadi vikalainika, nikamvisha ili vishike umbo la miguu yake, nikamwambia akae robo saa bila kusimama. Vilipopoa akasimama.

"Vidole?"

"Vinagusa mbele."

"Kunja magoti."

"Vimerudi nyuma."

"Kisigino kinapanda?"

"Hakipandi. Umeuliza hilo mara nne, mjomba."

Ijumaa asubuhi alizunguka barafu mara mbili tu, akatoka midomo imempauka. Cha kushoto kinabana, alisema. Nikalegeza kamba za chini. Akarudi barafuni, akatoka tena. Nikakipasha moto ubavuni, nikakitanua kidogo kwa jiriwa. Bado. Akataka nitanue zaidi, na hapo nikaiacha jiriwa, maana kiatu kikilegea kifundoni tumerudi kulekule.

"Vua soksi," nikasema.

"Ya nini?"

"Vua tu, mama."

Upande wa nje wa kifundo palikuwa na uvimbe mwekundu, mdogo kama punje ya mahindi. Nilipougusa aliuvuta mguu kwa nguvu hata akaangusha nyundo yangu.

"Tangu lini?"

"Krismasi." Alitazama sakafu. "Ni ile skrubu waliyonitia hospitali. Nadhani inatoka. Usimwambie mama, atanizuia."

Nilikaa kwenye benchi. Mara ya kwanza niliamua peke yangu juu ya mguu wa mtoto huyu, kisha nikanyamaza. Nikampigia simu Lucette.

Lucette akaja, akatupeleka kwa daktari. Tuliingoja picha ya mguu kwa saa mbili, mimi nikikunja na kukunjua kofia, Lucette akitazama mlango, mtoto ametugeuzia mgongo. Hatimaye daktari akasema mfupa umeunga vizuri. Skrubu moja imerudi nyuma; itatolewa Aprili. Kucheza anaweza, mradi kiatu kisiguse pale.

"Na kikigusa?" Lucette akauliza.

"Ngozi itachanika, uchafu uingie. Kwa hiyo kisiguse."

Tukarudi karakana.

"Lucette, una rangi ya mdomo?"

"Unakwenda wapi wewe?"

Nikaipaka kwenye uvimbe. Ghislaine akaingiza mguu taratibu, akautoa, na ndani ya kiatu kukabaki doa jekundu. Nikapasha moto hapo tu, nikatanua hapo tu, upana wa kidole gumba. Kwingine kote kiliendelea kumkamata.

"Sasa?"

Alikanyaga, akainama, akajipinda. "Sisikii kitu."

Nikamshika mguu. "Mguu umekufa ganzi?"

"Mguu ni mzima, mjomba. Nisichosikia ni kiatu."

Jumamosi, barabarani, theluji ikipiga kioo, nilishindwa kuendelea kunyamaza. "Vile viatu vya zamani vilikuzidi nusu namba. Nilijua."

Ghislaine akanigeukia. "Hata mimi nilijua," akasema. "Nilikuwa navaa soksi mbili. Niliogopa ungenibadilishia unipe vile vya kijani vibaya vya namba yangu."

"Nyote wawili mna akili za kuku," Lucette akasema, macho barabarani.

Kule Sudbury sikuuona mchezo; niliuona mguu wa kushoto. Kipindi cha pili msichana mmoja mkubwa alimgonga ukutani palepale mbele yetu, Ghislaine akashuka kwa goti moja. Nilisimama, nikamwaga kahawa ya jirani. Kiatu kiligeuka pamoja na mguu, kama kitu kimoja. Akainuka, akamkimbiza yule msichana.

Baadaye kocha alimwambia watamchukua Septemba, kama mchezaji wa akiba, skrubu ikishatolewa. Alikuwa ametaka nafasi ya kwanza, na alirudi garini amenuna.

"Wa akiba," akasema, akila chipsi.

"Akiba haiozi," mama yake akamjibu.

Hakucheka. Alilala kiti cha nyuma, mguu mtupu juu ya mapaja yangu, nami nikakaa hivyo bila kujitikisa mpaka mji wa Cochrane, tukikaribia nyumbani.