Ukurasa wa 112

"Karatasi ikijaa, tunabandika nyingine juu yake," alisema mkutubi, na alipouona uso wa fundi viatu akajutia kusema.

Kitabu kilikuwa mezani kati yao, kimefunguliwa jalada la nyuma. Kilikuwa hadithi ya askari wanane wa Roma ya kale wanaovuka milima wakati wa theluji kupeleka ujumbe kwenye ngome ya mbali. Wanaofika ni wawili. Kila kitabu cha maktaba ile kilikuwa na karatasi ya maoni nyuma, wasomaji waandike sentensi mbili tatu kwa penseli, bila jina. Hii iliyoonekana sasa ilikuwa mpya. Ilikuwa na maoni mawili tu: mmoja amefurahia vita, mwingine analalamika kwamba farasi wanakufa mno.

"Mwanangu aliandika humu," fundi alisema. "Wiki ile aliyoondoka. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nilikuambia, fundi. Ukasema utasoma ukipata nafasi."

Nafasi alikuwa nayo tele. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mtu angeweza kutupa kiatu kikatua kwenye ngazi za maktaba. Alichokosa ni kujishusha.

Na yeye ndiye aliyeanza. Mwaka uliopita alikiazima kitabu kile, akaandika nyuma: "Wanatembea siku arobaini juu ya mawe na hakuna anayebadilisha soli. Mwandishi huyu hajui viatu." Baada ya wiki tatu akapita kuona kama kuna aliyemuunga mkono, maana hakuna asiyependa kusifiwa. Akakuta: "Msomaji aliyetangulia asome tena ukurasa wa 112." Mwandiko aliutambua palepale. Ndio uliokuwa ukiandika majina ya wateja kwenye vipande vya boksi kibandani kwake.

Siku hizo baba na mwana walikuwa wamenuniana. Kijana alikuwa amejiandikisha jeshini, na kigoda alichowekewa kando ya baba yake tangu utotoni kikabaki na vumbi la ngozi. Nyumbani walipeana chumvi bila kutazamana. Kitabuni, lakini, walibishana kama watu waliolala usingizi mzuri. Fundi aliandika kwamba ukurasa wa 112 una mstari mmoja tu wa viatu, na mstari mmoja hauvaliki. Kijana akajibu kwamba kitabu ni cha askari, si cha ngozi. Fundi akarudisha: askari asiye na viatu ni mzigo wa wenzake. Mkutubi aliyasoma yote, akacheka peke yake, akafunga mdomo.

Ikafika zamu ya fundi kwenda kusoma na kujibu, asiende. Alijiambia amechoka na mchezo wa kitoto. Asubuhi ya safari alizikuta buti za mwanawe mlangoni, soli ya kulia imeanza kuachia kwenye ncha. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Akaziruka, akaenda kazini kushona viatu vya watu baki. Baada ya miezi mitano watu wawili wenye sare walisimama mbele ya kibanda, wakavua kofia kabla ya kusalimu.

"Ibandue," fundi alisema sasa.

"Itachanika, fundi. Nitakuwa nimekukosea mara mbili."

"Ulitumia gundi gani?"

"Ya unga. Naipika mwenyewe. Nilipaka kingo tu."

"Hiyo huachia. Ya kwangu ndiyo haina msamaha." Alitoa mfukoni kisu chake cha kuparia ngozi, kilichonolewa miaka mingi mpaka kikawa chembamba kama jani. "Niletee maji ya moto na kitambaa, dada."

Alikamua kitambaa mpaka hakikudondosha tone, akakilaza juu ya ukingo mmoja, akahesabu pumzi zake. Mikono yake ilikuwa imezoea kutenganisha vilivyoshikana bila kuviumiza, na kwa muda mfupi alikuwa fundi tu, hakuwa baba wa mtu. Akapenyeza kisu. Karatasi ikainuka kidogo, ikasita, ikainuka tena. Akalowesha ukingo wa pili, kisha wa tatu. Wa nne aliuacha umeshika, karatasi ikafunguka upande kama ulimi wa kiatu.

Chini yake yalikuwapo maneno yao yote, yakipokezana. Ya mwisho yalikuwa yamebanwa pale chini kabisa, herufi ndogo, za mtu aliyeona nafasi inamwishia.

"Kitabu kizuri ila mwisho unauma. Kuhusu viatu, msomaji wa kwanza alikuwa na haki tangu mwanzo. Ukurasa wa 112 hautoshi. Nilimbishia tu ili aendelee kuandika."

Fundi alisoma mara moja. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena. Kisha akalia, kimya kimya, kiganja kimefunika mdomo, na mkutubi akageukia rafu akazipanga kadi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Pole, fundi," alisema baadaye bila kugeuka.

"Nimeshapoa," alijibu, kama watu wanavyojibu. Halafu: "Hapana. Sijapoa. Nipe penseli."

Kwenye karatasi ya zamani hapakuwa na pa kuandika hata herufi. Alirudisha ile mpya mahali pake, akaishikilia kwa vidole viwili, na chini ya maoni ya yule mtu wa farasi akaandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea zaidi chaki juu ya soli:

"Nabisha. Ukurasa wa 112 unatosha."

Mkutubi alikuja akasimama begani kwake. Aliyasoma, akavuta kidaftari cha waazimaji ili apate mahali pa kuweka macho.

"Unakiazima?"

"Kiache hapa. Nitakuwa napita."

Ng'ambo ya barabara mteja alikuwa amesimama mbele ya kibanda, kiatu kimoja mkononi. Fundi alimwona, akaichukua kofia yake. Mkutubi alinyoosha mkono kukifunga kitabu.

"Usikifunge," alisema. "Kingo bado mbichi."

Wakakiacha wazi mezani, penseli kando yake.