Vikombe vya Bibi Mlango

Umewahi kupokea wageni ishirini na mmoja asubuhi moja, kisha mchana ukamwaga vikombe ishirini na kimoja vya chai, karibu vyote vimejaa? Bibi Mlango alifanya hivyo kila muhula, na huu ulikuwa mwaka wa tisa.

Zamani alikuwa mfuaji wa chuo cha Kikristo, kile kinachofundisha walimu wa dini na kuandaa watu wanaokwenda hija. Mikono ilipokataa kukamua mashuka, wakamwachia chumba chake nyuma ya kamba za nguo, na kazi moja nyepesi: kuwa mwenyeji. Maana anayejifunza hija hufundishwa pia kubisha hodi. Kila mwanafunzi huja peke yake na mkoba mgongoni, hubisha, husema, "Amani iwe ndani ya nyumba hii. Naomba maji." Naye hujibu, "Karibu, keti, nyumba ni yako." Mgeni hupiga funda moja, hushukuru, mkufunzi hupuliza filimbi huko nje, anaingia mwingine.

Maji aliyageuza chai mwenyewe, hakutumwa. Akafuta na kiti cha pili kwa kitambaa kibichi, miguu yote minne, ingawa tangu mumewe afariki hakuna aliyekikalia. Binti yake aliolewa mbali. Hupiga simu Jumapili: "Mama, uko salama?" "Niko salama." Basi, simu imekatwa.

Siku hiyo mkufunzi alitangulia, filimbi shingoni.

"Shikamoo, bibi. Leo ndiyo mwisho. Muhula ujao zoezi tutalifanyia darasani, fundi anatutengenezea mlango. Sasa utapumzika."

"Marahaba, mwanangu. Kupumzika nako ni kuzuri."

Akarudi ndani, akavipanga vikombe upya, na vilikuwa vimepangika.

Wakaja. Wa kwanza, bwana mmoja mnene mcheshi, aligusa chai kwa mdomo tu. "Bibi, asubuhi nimekunywa uji vibakuli viwili. Nikiongeza hii, hija yangu ya kwanza itakuwa ya chooni!" Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza kucheka, bwana ameshaondoka. Mwingine alisoma maneno yake kiganjani. Mwingine aliomba amani ya nyumba huku anatazama saa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa wake hawakufikisha hata dakika mbili, jembe angempa nani?

"Karibu, keti, nyumba ni yako." "Karibu, keti, nyumba ni yako." Vikombe vikajaa mezani, vinapoa, chai inaweka utando juu.

Wa ishirini na moja alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, anachechemea. Akasema yake, Bibi akasema yake.

Na yule mama akaketi.

Akaketi kweli, kwa uzito wote, kiti kikalia kwi! Akavua kiatu, akaonyesha kisigino kilichochubuka. "Viatu vipya hivi, dada yangu, vitanitoa roho kabla sijafika popote." Kisha akachukua kikombe, akanywa mpaka nusu. "Hii umetia tangawizi?"

Bibi Mlango alisimama na birika mkononi. Maneno yake ya zoezi yalikuwa yameishia kwenye "nyumba ni yako". Mbele ya hapo hakuna mgeni aliyewahi kumfikisha.

"Nimetia," akasema, polepole. "Kidogo."

Filimbi ikalia. Ikalia tena. Mkufunzi akachungulia mlangoni. "Mama, vipi tena? Mgeni hakai! Funda moja, asante, safari."

"Jamani, nimejisahau." Mama yule akainama kutafuta kiatu. "Bibi, niwie radhi, nimekuharibia zoezi."

Bibi Mlango akaweka birika chini. Akakiokota kile kiatu, akakipakata kama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "miaka tisa nawaambia keti. Sikuwa nasema kwa ajili ya zoezi. Nilikuwa nataka mtu akae."