Cadette na Vitabu Vitatu vya Ubatizo

Msichana wa Kasongo, aliyejifunza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa udongo wa misheni, wenye goli moja lisilo na wavu, timu ya taifa ingemwonea wapi? Lakini ilimwona, bwana! Mtu wa shirikisho la mchezo huo alikuja siku ya mashindano ya shule, Cadette akafunga pointi thelathini na moja mbele ya macho yake. Jina likaenda Kinshasa, kwa timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na nane. Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Akitwanga pondu, majani ya muhogo, anajiona amevaa jezi ya Léopards, timu ya taifa, mkono kifuani, wimbo wa taifa unapigwa. Aliitamani jezi ile mpaka ikamuuma.

Shirikisho likataka karatasi ya kuzaliwa. Huku nani anayo? Watu wanaonyesha kadi ya ubatizo, na Cadette kadi zilimzidi. Baba yake, Michel, fundi cherehani, hatulii kanisa moja. Mtoto alibatizwa kwa Wakatoliki kule Kabambare akiwa mchanga, akabatizwa tena kwa Waprotestanti wa Kasongo, halafu kanisa la uamsho likamzamisha mtoni na kumwita Esther-Divine. Kasongo Waislamu ni wengi, kwa hiyo kila mchungaji anakihesabu kila kichwa, na aliyehama hafutwi. Kila mwaka makanisa matatu yanapeleka hesabu ya waumini, na katika zote yumo yeye. Wakristo watatu hao, na wote wanalala mkeka mmoja!

Kocha Régina akamwita. "Kinshasa wameona majina mawili kwenye kadi zako, Cadette. Wanataka kitabu cha ubatizo wako wa kwanza kabisa, mbele ya Ijumaa."

Basi, baba na binti wakapanda pikipiki mpaka Kabambare, matope hadi magotini.  Walipofika parokiani Michel alisema yeye atabaki nje kuchunga pikipiki.

Katekista Pascaline alifungua kitabu chenye harufu ya panya, akashuka na kidole. "Huyu hapa. Cadette, binti ya Michel." Akasoma tarehe ya kuzaliwa. Cadette akahesabu kwa vidole, akarudia. Miaka kumi na tisa. Maisha yake yote alijijua ana kumi na saba.

Akatoka nje na kitabu mkononi. "Baba, hii ni nini?"

Michel akavua kofia. "Ile Noeli ya Waprotestanti, walikuwa wanapatia robe, gauni za sikukuu, watoto wa chini ya miaka mitano. Weye ulikuwa na sita. Nikasema kwenye kadi ya ubatizo andikeni miaka ine. Ulikuwa unalilia ile robe, mwanangu." Akafuta uso. "Kisha shule ikafuata ile kadi. Nikaizoea hata miye."

Cadette alikaa chini palepale, akalia kwa sauti, bila kujali nani anatazama. Robe yenyewe hakuikumbuka hata rangi.

Michel akachuchumaa karibu yake. "Sikiliza. Iko kanisa ingine, mpya, pale njiani. Pastori ni rafiki yangu. Jumapili anaweza kukubatiza, anaandika mwaka tunaotaka."

Cadette akamtazama. Moyo wake uliruka, tusidanganyane. Kwa muda mdogo aliiona jezi tena, namba mgongoni, karibu kuishika. Kisha akakifunga kitabu.

"Hapana, baba. Nimechoka kuzaliwa. Miye nilitaka kucheza tu."