Kisawe cha Mpole

Shule ya bweni ilitoa orodha ya vivumishi themanini vya kujiandaa kwa mtihani wa kuingia, karatasi mbili zilizopigwa chapa pande zote, na juu yake maelezo mafupi: kila neno, visawe vitatu. Mdogo wangu aliinakili yote kwenye daftari kwa sababu aliogopa karatasi zingelowa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza shule ya msingi, na shule ile ya bweni ilikuwa inachukua wasichana arobaini tu, bila karo. Baba alikuwa ameshasema yake.

"Akipata, aende. Akikosa, nimeshaongea na mwenye dobi. Majibu yakitoka, Jumatatu yake anaanza kazi na dada yake."

Hakusema kwa ubaya. Baba ni fundi kufuli, na huongea hivyo juu ya kila kitu: ufunguo unaingia au hauingii.

Mimi niliishia darasa la tano, mwaka aliofariki mama. Tangu hapo napiga pasi kwa dobi, shuka za hospitali na za nyumba za wageni. Sikutaka mdogo wangu aje kusimama kwenye meza ya pembeni yangu. Hilo sikumwambia mtu, maana mimi si msemaji. Ila kila jioni nikirudi nilinawa mikono, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye akakaa kitandani, nikaanza kumwuliza.

"Jasiri?"

"Shujaa, shupavu, hodari."

"Mvivu?"

"Mzembe, mtepetevu, goigoi."

"Mchoyo?"

"Bahili, mnyimivu..." Akatazama dari. "Baba."

"Nimetaka kisawe, sijataka ushahidi."

Tulicheka chini chini, maana baba alikuwa chumba cha pili.

Maneno yaliyotushinda niliyabeba kwenda kazini. Mwanzo niliyaandika kiganjani, mvuke ukayafuta, nikahamia kwenye kikaratasi nilichokificha chini ya rundo la foronya. Mkubwa wetu pale, tunayemwita Mama Pasi, alishakizoea.

"Leo umekuja na lipi, mwanangu?"

"Tajiri," nilisema.

"Mwenye dobi!" akadakia mmoja wa nyuma, wakacheka wote.

"Muacheni mtoto. Andika mkwasi. Na ukikutana na maskini huko mbele usihangaike na visawe, tupange mstari sisi watano watuhesabu."

Hivyo ndivyo tulivyosogea, neno moja moja, mpaka tukafika kwenye mpole.

"Mtulivu," alisema mdogo wangu. "Mnyenyekevu. La tatu sina, dada."

Shuleni alikomaliza kamusi ilikuwa moja, na mwalimu aliifungia kabatini. Lakini neno hili sikuliandika kwenye kikaratasi wala sikulipeleka kwa Mama Pasi. Sikuona haja. Lilikuwa neno langu.

"Zumbukuku," nikasema.

Baba ameniita hivyo tangu sijang'oa meno ya utoto. Wageni wakija nami nikijibanza nyuma ya mlango, alikuwa anawaambia, "Mwacheni zumbukuku wangu." Nikikosa la kujibu mbele za watu alinipapasa kichwani: "Zumbukuku wa baba huyu." Kila mara ni pale nilipokuwa nimenyamaza, na kila mara ni kwa sauti ya kubembeleza. Kwa mtu mwingine sijawahi kulisikia. Nilidhani ni neno la watu wa zamani, neno zuri, limebaki nyumbani kwetu tu.

"Una uhakika?"

"Kwani mimi nikoje?"

Alinitazama, akatabasamu, akaliandika kwa kalamu nyekundu. Nyekundu aliiweka kwa maneno aliyoyapenda.

Mtihani ulifanyika. Wiki tatu baadaye majina yakabandikwa kwenye dirisha la ofisi ya shule. "Nenda wewe," aliniambia. "Mimi miguu imekataa." Niliomba ruhusa ya nusu siku. Nilisoma majina arobaini kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina lake halikuwepo.

Nilikuwa bado nimesimama pale dirishani mwalimu wa lugha aliponiita ndani. Mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni.

"Unamtafuta nani?"

Nikamtajia jina la mdogo wangu.

"Huyo wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

"Afadhali umekuja. Kaa."

Sikukaa. Alichomoa karatasi ya mtihani kwenye jalada, akaigeuza ili niisome. Mwandiko wa mdogo wangu niliujua kutoka mbali. Mpole: mtulivu, mnyenyekevu, zumbukuku. Chini yake walitakiwa watunge sentensi kwa kisawe kimoja, naye alikuwa ameandika: Dada yangu ni zumbukuku kuliko watu wote ninaowajua, na ndiyo maana ninampenda.

"Mtatusamehe," mwalimu alisema. "Ofisi nzima tulicheka. Kisha tukaacha, maana kwingine kote mtoto huyu yuko vizuri mno. Amekosa nafasi kwa alama moja. Neno hili peke yake limemla tatu."

"Kwani zumbukuku ni nini?" Niliuliza kwa sauti ya chini, ikabidi ainame kunisikia.

"Mjinga, mwanangu. Mtu aliyezubaa, hajui hili wala lile."

Nilitazama meza. Ilikuwa na doa la wino lenye umbo la yai, nikalitazama hilo.

"Sasa nisikilize," aliendelea. "Msichana mmoja kati ya wale arobaini amejitoa, wazazi wake wanahama. Mimi namtaka mdogo wako. Mkuu wa shule anakataa, anasema mtoto aliyeandika hivi anaufanyia mtihani mzaha, au anabahatisha. Mimi nasema hapana, huyu alifundishwa hivyo na mtu, akaamini. Niambie ni nani, nimpelekee mkuu sasa hivi. Yuko mlango wa tatu hapo."

Nilijua kabisa la kusema. Yalikuwa maneno mawili. Lakini kwenye meza ya pili kulikuwa na mwalimu kijana aliyeacha kusahihisha, amenyanyua uso, na mdomo wake umeshaanza kutabasamu, anasubiri. Niliona jinsi atakavyoilinganisha ile sentensi na mimi.

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Na hujui nani alimfundisha?"

"Sijui, mwalimu."

Alinisubiri. Kwa kweli alinisubiri sana. Kisha akairudisha karatasi kwenye jalada. "Basi atakuwa amebahatisha," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Pale getini nilisimama, nikayasema maneno yale mawili kwa midomo tu. Ni mimi. Ni mimi. Yalitoka vizuri.

"Umesahau kitu huko ndani?" mlinzi aliniuliza.

"Hapana," nikasema, nikatoka.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Nilimwambia nafasi zimejaa. Baba alirudi saa kumi na mbili, akavua viatu, akauliza kama ufunguo umeingia. Nikatikisa kichwa. "Haya," alisema. "Zumbukuku wangu, nipe maji."

Nilimpa maji bila kumtazama. Mdogo wangu ndiye alikuwa ananitazama mimi.

Baba alipokwenda kuoga, mdogo wangu alileta daftari na kuliweka magotini pangu.

"Neno gani nilikosa?"

"Nimekwambia nafasi zimejaa."

"Jina halipo, mtu anageuza anarudi. Wewe umekaa huko mpaka jua limepinda. Wamekuonyesha karatasi."

Alianza kupitisha kidole kwenye mistari, taratibu, akiangalia uso wangu badala ya daftari. Kidole kilipofika penye wino mwekundu nikageukia ukutani.

"Maana yake nini?"

"Mjinga," nikasema.

Hakulia. Nilisikia maji bafuni, na baba akikohoa.

"Na wao walijua nimefundishwa?"

Hapo ningeweza kunyamaza, ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. "Waliuliza," nikamwambia. "Kulikuwa na nafasi moja. Walitaka tu wajue nani alikufundisha. Nikasema sijui."

Alilifunga daftari, akalilaza kitandani. Alipozungumza tena hakuniita dada.

"Jumatatu tunatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Nguo ya kazi wanatoa?"

"Hawatoi. Tafuta ya zamani, yenye mikono mifupi."

Akainuka, akaanza kutafuta.