Kiputo cha Mama

Kathambi alichora glavu kwanza. Jozi moja, bado imo ndani ya plastiki yake, imeshikwa na mkono wa mwanamke aliyetoka mbio. Halafu akachora lango la zahanati, mnyororo, kufuli. Uso wa mama yake aliuacha mwisho kwa sababu aliuogopa.

Alikuwa akichorea nyuma ya mashine ya fotokopi, katika duka alilofanyia kazi Meru mjini, akiinuka kila mtu alipoingia kutaka nakala ya kitambulisho. Miaka miwili alikichora kitabu hicho hivyo hivyo, kwenye migongo ya karatasi zilizoharibika. Kilikuwa kitabu kizima cha katuni, na habari yake ilikuwa ya dada yake, Phyllis.

Phyllis alifika langoni saa kumi na dakika tano jioni, uchungu umeshamkolea. Soja wa lango akasema nesi ameshafunga, na hata akifungua, mgonjwa huja na glavu zake. Mama yao, Angeline, akatimka hadi madukani Ruiri kununua glavu. Aliporudi mtoto alikuwa ameshazaliwa mchangani, na Phyllis damu ilikuwa imemwisha. Lango lilikuwa limefungwa vilevile. Mama akasimama hapo, glavu mkononi, mdomo wazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho: mdomo ule, na juu yake kiputo kikubwa cha maneno, cheupe, hakina kitu.

Maana Kathambi alikuwa na desturi yake ya kazi, na wachoraji wenzake walimcheka kwayo. Hakumtungia mtu maneno. Alichora kwanza, akaacha viputo vitupu, kisha akaenda nyumbani na kumwekea kila mtu uso wake uliochorwa mbele ya macho. "Hapa ulisema nini?" Hata soja aliulizwa. Alijikuna kichwa, akasema alichokisema siku ile na alichomsikia Phyllis akisema, vikaandikwa.

Mama yake tu ndiye aliyekataa.

"Hilo liache," alisema kwa Kimeru, akimsugua mtoto wa Phyllis kifua, kile kifua chake kisichopona. "Neno lake sijalipata. Nikilipata nitakuambia, na utaliandika nitakavyolisema. Usipunguze."

"Sawa, Mama."

"Niapie."

Akaapa.

Jumamosi wachoraji wa Meru walikutana pale dukani, watu watano au sita, kila mmoja na vijitabu vyake vya kupiga stepla, wakibadilishana na kugombana juu ya nani hajui kuchora miguu. Muchangi, mtu wa Embu aliyechora vituko vya madereva wa miraa wa Maua, alifika ukurasa wa mwisho wa Kathambi, akaweka kidole juu ya kiputo kitupu.

"Manze," akasema, "hii usijaze. Wacha tu ikae hivyo."

"Si yangu kuamua. Ni ya mama."

"Sasa fotokopi utatoa ngapi? Ishirini? Si tutakuwa tunasomana sisi wenyewe kwa wenyewe. Kuna mradi wa afya unatafuta vitabu vya katuni, wanachapisha wanapeana mashinani. Peleka. Mwisho ni Jumatatu."

Kathambi akafikiria watu wa kwao wakimshika Phyllis mikononi, nyumba kwa nyumba. Akapeleka, na kile kiputo kikiwa kitupu. Laiti angejua!

Msimamizi wa mradi, Bwana Mwongera, alikuwa mtu mpole wa kiti cha kuzunguka. Alifungua kurasa polepole, akitikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Una mkono, dada. Mkono unao kweli. Na hapa mwisho?"

"Mama hajanipa maneno yake. Bado yanakuja."

"Hakuna shida. Maneno tutamalizia pamoja. Weka sahihi hapa. Na hapa."

Kathambi aliposikia "pamoja" alidhani yeye na mama yake wamo. Akaweka sahihi.

Miezi ikapita. Kila akipiga simu aliambiwa kazi iko kwa mchapishaji, kazi yake imeheshimiwa, asiwe na wasiwasi. Yeye akaelewa kiputo kimebaki cheupe. Siku ya uzinduzi alitia kalamu nyeusi kwenye pochi, ili mama akiwa tayari, neno liandikwe kwenye nakala ya kwanza.

Angeline alivaa sweta yake ya kanisani, akamfunga mtoto mgongoni. Njiani kuelekea uwanjani akamshika binti yake mkono.

"Nimelipata," akasema.

"Neno?"

"Lilinijia jana nikipalilia maharagwe. Tukishaketi nitakuambia."

Walikalishwa mstari wa mbele, chini ya hema. Vitabu vikagawanywa pamoja na soda. Kathambi akafunua ukurasa wa mwisho kwa furaha. Mama yake alikuwa pale kwenye picha, glavu mkononi. Kufuli walikuwa wamelifuta. Kiputo kilikuwa kimejaa.

*Asante, zahanati yetu! Mmemwokoa mjukuu wangu!*

Akarudi kurasa za nyuma. Soja alikuwa akisema, *Karibu, mama, hapa glavu ni bure.* Phyllis, amelala mchangani, alikuwa akisema, *Kosa ni langu. Nilichelewa kuja kliniki.*

Alimfuata Mwongera kando ya spika.

"Mmefuta maneno ya watu."

"Tumehariri."

"Dada yangu hakusema hivi! Alikuwa anakufa na nyinyi mmemwombesha msamaha! Na hapa mwisho nilikuambia..."

"Uliacha nafasi, dada. Nafasi hujazwa. Picha ni zako, jina lako liko hapo juu, maneno ni ya mradi. Ulisoma ukaweka sahihi." Akampigapiga begani. Kisha akashusha sauti. "Nesi ameketi pale, unamwona? Huyo mtoto wa kifua anatibiwa wapi, kama si kwake? Wacha tumalize vizuri."

Kathambi akarudi kiti chake. Mama alikuwa amefungua ukurasa magotini, kidole juu ya mdomo wake mwenyewe. Kusoma hakujua.

"Wameandika hapa," akasema. "Nisomee. Nimesema nini?"

Kathambi akamsomea kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. Aliona haya hata kumtazama.

"Ati mimi?" akauliza mama.

Emsii wa sherehe alikuwa ameshafika na maiki. "Na sasa shosho mwenyewe! Simama, shosho, tukuone. Rudia baada yangu: Asante, zahanati yetu!"

Angeline akasimama. Akamtazama nesi. Nesi alikuwa akitabasamu, mkono wake ukimpungia mtoto. Mtoto akakohoa mgongoni, kikohozi kirefu, na Angeline akangoja kiishe.

"Asante, zahanati yetu," akasema.

"Mmemwokoa mjukuu wangu!"

"Mmemwokoa mjukuu wangu."

Makofi yakalia. Mpiga picha akamwomba ainue kitabu juu kidogo, karibu na shavu, hapo hapo.

Walirudi kwa miguu, njia ile ya zahanati. Ilikuwa saa kumi na robo. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na soja alikuwa amejilalia kibandani mwake. Watu wa mradi walikuwa wamepita mapema: ukurasa wa mwisho, umekuzwa ukawa bango, ulibandikwa kwenye vyuma vya lango, juu kidogo ya kufuli. Angeline akasimama mbele yake. Yeye na mama wa kwenye picha walilingana urefu.

Kathambi akatoa kalamu kwenye pochi.

"Mama, niambie. Neno lenyewe lilikuwa lipi?"

Mama yake akamkaza mtoto mgongoni, akafunga fundo la leso upya.

"Muulize huyo," akasema, akiuelekezea kidevu mdomo wa karatasi. "Si ndiye anayeongea?"