Siku Waliyomsukuma Bi Harusi

Mtu nisiyemjua aliruka ua wetu wa makuti akaangukia mlangoni kwangu, kichwa kimepasuka, damu ikimchuruzika hadi kifuani. Uchochoroni sauti zilikuwa zikikaribia: "Mwizi! Mwizi huyo!"

"Ndugu, sikuiba," alisema. "Usiniache."

"Sikuachi."

Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu mwaka uliopita, nikifundisha Temeke, na mali yangu yote ilikuwa gari kuukuu la bluu. Nililipenda mno, hata harufu ya viti vyake vilivyochanika. Halikuwaka bila kusukumwa, na kila asubuhi mtaa ulilisukuma kwa nyimbo kama unaomtoa mwali ndani. Ndiyo maana wakaliita Bi Harusi. Likiwaka, akina mama hupiga vigelegele, nami hujiambia ujamaa wenyewe ndio huu.

Nilimlaza yule mtu nyuma ya viti, nikamfunika mkeka. Kundi likaingia. Mbele alikuwa jirani yangu Kondo, seremala, rungu lake limegandiwa na nywele.

"Mwalimu, mwizi kapita hapa?"

"Sijui mwizi. Nina haraka, Kondo, nisukumieni."

Hilo hawakujua kulikataa. Walibana marungu kwapani, wakainama, wakaanza kuimba.

"Mbona mzito leo?" mmoja akauliza. "Au Bi Harusi ana mimba?"

Wakacheka. Gari likakohoa, likawaka, vigelegele vikapaa. Kisha likazimika papo hapo, topeni, mbele ya Yustina muuza vitumbua. Mkeka ulikuwa umeteleza. Yustina akauona mkono wenye damu, akapiga yowe.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo, la pili likanipasua mdomo. Nilishuka nikauziba mlango kwa mwili wangu.

"Binadamu wote ni ndugu!" nilipaza sauti.

"Ndugu yako huyo? Basi kula fungu lake!"

Rungu likashuka. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Kondo alikuwa ameshafungua tangi, ameshika tambara linalowaka.

"Mwache, Mwalimu. La sivyo namchoma Bi Harusi."

Nikafungua mlango, nikamkumbatia yule mtu kwa mkono uliobaki. Kondo akatumbukiza tambara. Moto ukaruka na kumrudia yeye mwenyewe, ukashika shati lake. Akaanguka topeni akipiga kelele, na wote wakamkimbilia. Hapo ndipo nilipomtoa mgeni wangu garini, nikamburuta hadi zahanati. Nyuma yangu gari langu lilikuwa likipasuka vioo kimoja kimoja.

Muuguzi Avelina alianza kumshona kichwa, kisha akanitazama mkono.

"Panda gari la wagonjwa, linaondoka sasa hivi. Mfupa huo usipovutwa leo utaunga upande."

"Na huyu?"

"Hawezi kutikiswa. Atabaki."

Nje, kundi lilikuwa limeshafika langoni. Gari la wagonjwa liliondoka bila mimi. Niliketi sakafuni, mgongo wangu ukiusukuma mlango, nikakaa hapo hadi askari walipokuja.