Wekundu wa Birika la Mlingotini

Kibwana aliporudi Mlingotini kutoka Saadani, alirudi amebebwa. Homa ilikuwa imemshika njiani, na wachukuzi waliomleta walimlaza kwenye baraza ya kwanza waliyoona ina kivuli, wakaenda zao. Baraza hiyo ilikuwa ya Biubwa, mjane aliyekaa peke yake mkabala na msikiti. Hawakuwa na udugu wowote. Mama yake Kibwana alikwisha kufa, na jamaa waliobaki hawakuwa na hamu naye, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi kwa Mzungu mmoja mkusanya majani, na watu walisema mtu wa namna hiyo haijulikani kama bado anasali.

Biubwa hakumwuliza habari za kusali. Alimtandikia mkeka ndani, akamlisha uji wa mtama, akamkanda miguu, na homa ilipoanza kupungua akamwomba jirani amchinjie jogoo ili mgonjwa apate supu.

"Jogoo mzima kwa ajili yangu, mama?" Kibwana aliuliza.

"Kunywa kwanza. Maneno utasema ukipona."

Asubuhi iliyofuata, Ausi, mtunza msikiti, alikwenda kujaza birika la kutawadhia, lililochimbwa na kujengwa kando ya njia. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na jua la siku nyingi lilikuwa limekausha birika mpaka maji yakabaki kidogo tu chini. Ausi alimwaga ndoo mbili tatu, na maji yakapanda yakiwa mekundu. Akainama kutazama. Kuta za birika nazo zilikuwa na gamba jekundu, limeganda kama damu iliyokauka. Alipoinua kichwa aliona ng'ambo ya njia, mbele ya nyumba ya Biubwa, manyoya ya jogoo yakipeperuka kwenye vumbi.

Adhuhuri haijafika, mji mzima ulikuwa umepata habari. Biubwa alitoka bara, Uziguani. Aliletwa pwani akiwa mwari, akazeeka hapo, akamzika mume hapo, lakini hakujaliwa mtoto, na hapakuwa na mtu wa kusimama upande wake. Wanawake waliokuwa wakimpitia kila asubuhi kwenda kisimani siku hiyo walipita njia nyingine. Wanaume walikusanyika barazani pa msikiti. Mmoja alisema Biubwa ana pepo, naye humlisha damu. Mwingine akasema arudishwe kwao bara, kesho, baada ya sala ya Ijumaa.

Mwalimu Sharifu, aliyekuwa akisalisha na kufundisha watoto, alikataa kutoa neno kabla hajamsikia mwenyewe. Alivuka njia, akapiga hodi, akakaribishwa.

"Bibi Biubwa, nimekuja kukuuliza na nitakusadiki. Umetia damu birikani?"

"Kwa kusudi, sikutia, Mwalimu." Biubwa alionyesha njia kwa kidole. "Lakini kisu nilikiosha hapo njiani baada ya jogoo kuchinjwa, na maji nikayamwaga. Sijui yalitiririkia wapi. Kuapa kwamba hayakufika birikani, siwezi."

Kibwana alikuwa akisikia yote kutoka ndani. Alijua jogoo yule alichinjwa kwa sababu yake. Alijua pia kwamba mwanamke mwingine angeapa upesi na mambo yakaisha, na huyu hakutaka kuapa juu ya jambo asilokuwa na yakini nalo. Akajifunga shuka, akatoka akishikilia ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepata nafuu?"

"Alhamdulillahi. Mwalimu, nipe ruhusa niyatazame maji hayo. Kesho asubuhi, jua likipanda. Nina chombo."

Chombo hicho kilikuwa katika sanduku alilokuja nalo. Yule Mzungu, alipokata shauri kurudi kwao, alimwachia Kibwana darubini ya shaba ya kutazamia vitu vidogo. Alimwambia kwamba yeye alikuwa na macho mawili tu, na kwa miaka yote hiyo Kibwana alimwazima mengine mawili, na hakuwa na asante nyingine ya kumpa. Kibwana hakuacha kumwombea heri tangu siku hiyo.

Ijumaa asubuhi walikaa watatu barazani kwa Biubwa: Mwalimu Sharifu, Ausi na Kibwana. Biubwa mwenyewe alisimama mlangoni, hakutaka kusogea. Kibwana aliiweka darubini penye jua, akageuza kioo chake kidogo mpaka mwanga ukapanda juu.

"Nikianza na birika hamtajua mnachokiona," alisema. "Kwanza tutazame vitu mnavyovijua."

Alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, ile inayoteleza baina ya matabaka, akaitandaza juu ya kigae cha kioo na tone la maji. Mwalimu akainama.

"Naona ukuta wa mawe," alisema baadaye. "Yamepangwa vizuri, jiwe kwa jiwe."

"Kila jiwe unaloliona ni chembe moja. Kitunguu kizima kimejengwa kwa chembe hizo. Na kila moja ina ukuta wake wa kuizunguka, mgumu. Tazama ndani, utaona doa."

"Naliona."

"Hicho ni kiini. Chembe ina ute, na kiini kimekaa katika ute huo. Kisipokuwapo, chembe haikai sana, hufa."

Kisha alimwomba Mwalimu ajikwangue upande wa ndani wa shavu kwa mswaki wake. Mwalimu alisitasita, halafu akafanya. Safari hii alitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Hivi havina ukuta," alisema polepole. "Vimejikunja kama majani ya chai. Lakini doa lipo."

"Kiini kipo, na ute upo. Ukuta ndio haupo. Kuna utando tu, mwembamba sana, unaoushika ute usimwagike. Mimea ina kuta. Sisi na wanyama hatuna."

"Na hivi ni vyangu?"

"Vyako, Mwalimu. Akijikwangua Ausi, utaona hivyo hivyo."

"Na yule Mzungu wako?"

"Nilizitazama zake. Hivyo hivyo."

Mwalimu alisema subhanallah kwa sauti ndogo, akampisha Ausi. Ausi naye akainama, akatazama.

Biubwa alikuwa na kuku mmoja aliyebaki, tembe. Kibwana alimchoma kidogo kwa sindano kwenye kilemba chake cha kichwani, akapata tone la damu, akalipaka kwenye kioo. Mwalimu na Ausi waliona vidonge vingi vilivyorefuka kama mbegu za tango, na kila kimoja kina kiini katikati. Halafu Kibwana akachukua maji ya kisima kwa ncha ya unyoya, akadondosha kando ya damu ile.

"Tazama sasa, Ausi, usiondoe jicho."

"Vinavimba," Ausi alisema. "Vinakuwa duara. Hee, kimoja kimepotea. Na kingine."

"Vinapasuka. Maji yanaingia, na hakuna ukuta wa kuyazuia, utando unashindwa. Rangi inamwagika na kuenea. Damu ikitiwa katika maji ya kisima haikai nzima hata kidogo."

Likabaki tone la birika. Kibwana alilichota kwenye bakuli alilolijaza Ausi mwenyewe alfajiri. Akalitandaza juu ya kioo. Kama Biubwa alivyosema, maji ya kisu yangeweza kufika popote. Alijua kwamba akikuta alichokiogopa, itambidi akiseme. Alitazama. Alitazama tena, akasogeza kioo kidogo, akainuka.

"Mwalimu, tafadhali tazama wewe. Sitaki uchukue neno langu."

Mwalimu Sharifu aliinama, akatazama.

"Ni mipira," alisema. "Myekundu. Kila mmoja una... una ukuta. Mnene, mweupe, unaonekana wazi kama ganda la yai."

"Imepasuka?"

"Haikupasuka hata mmoja. Na huu wa pembeni si mwekundu wote. Mwekundu katikati, pembeni kijani. Na kuna midogo ya kijani mitupu, inakwenda. Inaogelea."

"Kijani hicho ndicho cha majani ya mti," Kibwana alisema. "Mnyama hana kijani hicho katika chembe zake, wala hana ukuta. Huo ni mmea mdogo, Mwalimu. Umeota wenyewe ndani ya birika."

Ausi aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, "Mmea gani huo mwekundu, tena unaoogelea?"

"Jina lake silijui, ndugu yangu. Nilikwisha kuuona mara moja katika mashimo ya miamba ya Saadani, maji ya mvua yakikauka. Kwa nini unaogelea, sikuambiwa. Najua ninachokiona tu."

Ausi aliinama kwenye darubini akatazama mwenyewe. Alipoinuka, hakumtazama Kibwana, alimtazama Biubwa.

Adhuhuri, kabla ya sala, Mwalimu Sharifu aliwaambia watu kwamba wekundu wa birika ni kitu kilichoota majini, kama utelezi wa kijani kwenye kuta za kisima, na sheria haiyahesabu maji hayo kuwa najisi. Wengine walinung'unika kwamba wao hawakutazama. Kwa ajili yao Kibwana alitaka bakuli lile liongezwe maji ya kisima, liachwe barazani pa msikiti, kila mtu alione. Siku chache baadaye wekundu ulikuwa umefifia, na maji yamekuwa ya kijani kama majani ya mchicha. Hapo manung'uniko yakaisha. Damu, walisema wenyewe, haiwi kijani.

Birika lilisuguliwa, likapakwa chokaa, likaezekwa makuti juu yake ili jua lisilipige. Ausi alifanya kazi hiyo karibu yote peke yake. Siku alipomaliza, alivuka njia akiwa bado na chokaa mikononi.

"Mama, nilitazama manyoya yako nikadhani nimetazama kila kitu. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Ausi. Hata mimi nilijidhania."

Ilikuwa kweli. Usiku wa kuamkia ile Ijumaa hakulala akiwaza kwamba labda amewaharibia watu sala zao kwa uzembe wa kumwaga maji. Kuhukumiwa na majirani kulimwuma. Lakini hilo lingine lilimwuma zaidi, na kuondolewa hilo ndiko kulikompa shukrani ambazo hakuweza kuzieleza vizuri. Alimshukuru Mwalimu kwa kupiga hodi kabla ya kuhukumu. Kisha akamshika Kibwana mkono.

"Mimi ndiye wa kushukuru, mama," Kibwana alimwambia. "Ulinipokea hata jina langu hujaliuliza."

"Basi nionyeshe," Biubwa alisema. "Nilisimama mlangoni muda wote ule, sikuona kitu."

Kibwana akalitoa sanduku, akaiweka darubini penye jua, akamtandazia ngozi ya kitunguu. Biubwa alifumba jicho moja kwa kidole, akainama, akakaa hivyo mpaka jua likahama na ikabidi kioo kigeuzwe tena.